Dohani Isafishwe Kila Baada ya Muda Gani? Tazama Kwanza Kuni Zako

Kipupwe cha mwaka jana tulikuwa tunaota moto kwa jirani yangu mjini Njombe. Moshi ukageuza njia ghafla, ukajaa sebuleni, tukatoka nje tunakohoa huku macho yanachuruzika. Pale uani maongezi yakawa mabishano. Mwenye nyumba alisema dohani yake haijasafishwa tangu ahamie, miaka kumi na mmoja sasa, na haijawahi kumsumbua. Shemeji yake, aliyeishi Uingereza kwa muda, akasema kule ni mara mbili kwa mwaka, na asiyefanya hivyo anacheza na maisha ya wanawe. Kesho yake akaja fundi, naye akasema bila hata kufikiri: "Hizi za kwetu, mzee, ni kila mwezi."

Nimelisikia swali hili mara nyingi tangu siku ile, na majibu huwa ni hayohayo matatu. Kinachowachanganya watu ni kwamba kila mmoja anajibu kuhusu moto wake. Mwenye nyumba alikuwa anazungumzia meko ya ukutani inayowashwa jioni tu, Juni hadi Agosti. Shemeji alikuwa anazungumzia stovu ya chuma inayowaka karibu nusu mwaka. Fundi, mawazo yake yalikuwa kwenye jiko la kuni la kupikia, lenye bomba jembamba, linalowashwa alfajiri na kuzimwa usiku. Shemeji na fundi hawakukosea kuhusu moto wao; mwenye nyumba tutamrudia. Kosa ni kuchukua jibu la moto mmoja kulipeleka kwenye mwingine.

Tuanze na maneno. Dohani ni njia ya kupandisha moshi kutoka mekoni hadi juu ya paa, iwe ya matofali au ya bati. Wengi tunaiita bomba la moshi. Waliokua na taa ya chemli wanaijua dohani ndogo kuliko zote, nayo ni kile kioo chake. Kazi yake si kukinga upepo peke yake. Hewa ikipata joto ndani ya kioo hupanda, na ikipanda huvuta nyingine kutoka chini, ndiyo maana mwali ukishavikwa kioo hutulia na kung'aa. Ukiuinua utambi kupita kiasi, moto hukosa hewa ya kuutosha, na kioo kinakuwa cheusi kabla hujamaliza kula. Dohani ya nyumba ni hivyohivyo. Kazi yake ni kuvuta, na inavuta vizuri ikiwa ina joto na iko wazi.

Masizi ni ule unga mweusi mkavu unaobaki kidoleni. Ila moshi wa kuni haubebi masizi matupu. Umebeba mvuke wa maji, na umebeba lami, yaani sehemu ya kuni iliyotakiwa kuungua ikawa joto lakini haikuungua. Moshi huo ukigusa ukuta wa baridi huganda, kama mvuke wa wali unavyogeuka matone chini ya mfuniko. Matone ya mfuniko ni maji, ya dohani ni lami nyeusi ambayo wataalamu huiita kreosoti. Hiyo ndiyo inayosafishwa hasa, na hiyo ndiyo inayoshika moto.

Aliyewahi kusugua sufuria ya kuni anazijua hatua zake zote. Mwanzoni ni vumbi jeusi, unafuta kwa jani la mgomba linatoka. Ukiacha siku kadhaa linakuwa magamba, yanahitaji mchanga au steelwire. Ukiliacha miezi, linashikana na chuma na kung'aa kama limepakwa rangi, na hapo hata mikono ikichubuka halitoki lote. Ndani ya dohani mambo huenda kwa mpangilio uleule. Hatua ya kwanza inatoka kwa brashi ya kawaida, ya pili inataka brashi ya waya na nguvu. Ya tatu, ule mng'ao mgumu, brashi hupita juu yake tu, na wakati mwingine sehemu ya bomba hubadilishwa nzima.

Yule fundi alinionyesha gamba moja alilolikwangua kwa jirani. Lilikuwa na ukubwa wa kucha ya dole gumba. Upande uliogusa moshi ulikuwa umefifia kama mkaa, upande uliogusa tofali uling'aa kama bawa la mbawakawa. Akaliweka kwenye ncha ya bisibisi, akawasha kiberiti chini yake. Kwa muda halikufanya kitu. Kisha likaanza kutokota, likavimba, likashika moto kwa mwali mrefu wa rangi ya chungwa uliotoa moshi mzito, na likaendelea kuwaka baada ya kiberiti kuzimwa. Gamba moja. Ndani mle yalikuwa mamia.

Dohani ikiungua, joto lake linaweza kupita nyuzi 1,000 za Selsiasi. Mara nyingine hunguruma kama lori linapanda mlima na cheche hutoka juu ya paa. Mara nyingine huungua kimyakimya, wenye nyumba wakiwa wamelala, na asubuhi hawajui kitu. Lakini joto lile limeshapasua matofali au viungo vyake. Katika nyumba zetu nyingi dohani imejengwa kwa tofali tupu bila bomba la ndani, na mbao za kenchi zimeegemezwa palepale. Moto wa siku nyingine hupita kwenye ufa na kulikuta dari. Ndiyo maana "haijawahi kunisumbua" haiwezi kuwa kipimo: inayoungua polepole haitoi taarifa.

Sasa kuni, maana hapa ndipo jibu lenyewe lilipo.

Gogo la mkaratusi lililokatwa leo, ambao huku Nyanda za Juu Kusini wengi tunauita mlingoti, karibu nusu ya uzito wake ni maji. Gogo la kilo 2 limebeba takriban lita moja. Kabla halijakupa joto la maana, moto lazima uichemshe lita hiyo hadi iishe, ni sawa na kuweka birika mekoni na kuliacha likauke, kwa kila gogo unalotupia. Joto linaishia huko. Moshi unapanda ukiwa wa baridi na mzito, unagusa ukuta, unaganda. Watu wawili wenye dohani za aina moja, wakichoma kwa saa zilezile, mmoja kuni kavu na mwingine mbichi, hawawezi kupewa ratiba moja ya usafi.

Kuni kavu ya kutegemewa ina maji yasiyozidi asilimia 20. Kule England jambo hili lina sheria: tangu 1 Mei 2021 ni marufuku kuuza mafungu madogo ya kuni yenye unyevu unaopita kiwango hicho. Huku kwetu mpimaji ni wewe. Gonganisha vipande viwili: kavu hulia "ko!" kama unagonga mlango, mbichi hutoa mlio wa kufa kama umepiga gunia. Angalia ncha: kavu ina nyufa zinazotoka katikati kama miale, na gome linabanduka kwa vidole. Pasua kimoja uguse ndani, kwa sababu kuni huweza kuwa kavu nje na moyo wake umelowa. Kuzikausha hakuna siri: zipasuliwe zikiwa bado mbichi (zikikauka nzima zinakuwa ngumu kama mfupa), zipangwe juu ya magogo zisiguse ardhi, zifunikwe juu tu, pembeni upepo upite. Miezi sita kwa vipande vyembamba, mwaka kwa vinene.

Kuna tabia moja nyingine inayojaza dohani haraka kuliko watu wanavyodhani, nayo ni kuubana moto ulale. Mtu anajaza stovu magogo usiku, anafunga tundu la hewa ili asubuhi akute makaa. Moto uliobanwa hauungui, unafuka. Usiku mmoja wa kufuka hivyo huacha lami nyingi kuliko jioni kadhaa za moto mchangamfu. Bora uwashe moto mdogo wenye hewa, uishe, kisha ujifunike blanketi.

Turudi kwenye ratiba. Kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya kila siku, kukagua na kusafisha. Ile "mara moja kwa mwaka" inayosikika sana inatokana na kanuni ya NFPA, shirika la Marekani la kukinga moto, na kanuni hiyo inasema dohani ikaguliwe angalau mara moja kwa mwaka, halafu isafishwe ikihitaji. Ukaguzi ni wa kila mwaka hata kama uliwasha siku tatu tu. Kusafisha kunategemea ulichokikuta. Kipimo ambacho mafundi wa kule hukitumia ni unene wa milimita 3 hivi, takriban sarafu mbili zilizobebana. Masizi yakifika hapo, usiwashe tena kabla ya brashi. Yakifika milimita 6 tayari yanatosha kuleta moto wa kuharibu dohani. Na ukiona mng'ao wa lami, unene wowote ule, usisubiri.

Kwa meko ya sebuleni inayowashwa jioni za kipupwe peke yake, kuni zikiwa kavu, kusafisha mara moja kwa mwaka kunatosha katika nyumba nyingi. Kuni zikiwa za kubahatisha, ningekagua tena katikati ya Julai. Stovu inayowaka kwa miezi mingi ni habari nyingine: Uingereza ushauri ni angalau mara mbili kwa mwaka, na chama cha wasafisha dohani cha huko husema kuni ni kila robo mwaka, wakati wote zinapotumika. Shemeji hakutia chumvi. Walioko Ujerumani hawana haja ya kubishana kabisa, kwani msafisha dohani wa eneo ndiye anayepanga idadi kwa mujibu wa sheria, hadi mara nne kwa mwaka kwa moto unaowashwa mwaka mzima. Tangu 2013 mwenye nyumba anaweza kuchagua fundi wa kufanya kazi hiyo, lakini ratiba haichagui.

Jiko la kuni la kupikia ndilo linalohitaji uangalizi wa karibu kuliko yote, na ndilo linalosahaulika. Bomba lake mara nyingi lina upana wa sentimita 10 tu. Piga hesabu: masizi ya sentimita moja kuzunguka pande zote yanaacha njia ya sentimita 8, na nafasi ya moshi kupita inabaki theluthi mbili tu, pungufu kidogo, ya ile iliyokuwepo. Unene uleule kwenye dohani pana ya sentimita 20 hupunguza chini ya moja ya tano. Na jiko hilo linawashwa siku 365. Kwa hiyo fundi wetu alikuwa sahihi: anza na mara moja kwa mwezi, kisha uongeze au upunguze kwa unachokiona. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo 2034, lakini mama anayepika kwa kuni leo Makete anahitaji bomba lake livute leo. Bomba likiziba, moshi wote ambao jiko lile lilijengwa kuuondoa unarudi kifuani mwake na kwa mtoto aliye mgongoni.

Mwezi wa kusafisha nao una maana. Ningechagua Septemba, baridi ikiisha na kabla ya mvua. Masizi yakinyeshewa hugeuka kitu kikali kama asidi, hula bati na udongo wa viungo kimyakimya, na harufu yake huingia ndani kila mvua inaponyesha. Halafu Mei, kabla ya kuwasha moto wa kwanza, chungulia tena uone nani amehamia. Dohani isiyotumika ni nyumba tamu. Kuna ndege, kuna popo, na kuna nyuki, ambao ni hatari kuliko wote ukiwasha moto chini yao. Nyuki waitiwe mtu wa mizinga.

Wengi wanachungulia kutoka mekoni kwa tochi, wanaona sehemu ya chini ni safi, wanaridhika. Sehemu ya chini ndiyo yenye joto, lazima iwe safi! Lami huganda pale penye baridi zaidi, yaani kwenye kile kipande kinachochomoza juu ya mabati, na kwenye kona za bomba. Kwa jirani yangu ilikuwa hivyo. Chini palikuwa na masizi ya kawaida, katikati magamba yale aliyonionyesha fundi, na juu kabisa, kwenye kofia, kulikuwa na wavu alioufunga mwenyewe mwaka juzi kuzuia ndege. Wavu ulikuwa umeziba kama chujio la chai lisilooshwa, matundu mawili matatu tu yakipitisha mwanga. Hicho ndicho kilichotufukuza sebuleni. Wavu uwepo, lakini uwe wa matundu mapana, na uwe wa kwanza kuoshwa.

Huhitaji kupanda paa kila mara ili kujua. Moto ukiwa mvivu kuwaka bila sababu, moshi ukitangulia sebuleni kabla ya kupanda, kioo cha stovu kikiwa cheusi kwa jioni moja, magamba yakidondoka mekoni, ujue muda umefika.

Kuna maneno yanayozungumzwa sana ambayo ningependa yaachwe. Wapo wanaosema msonobari ndio unaochafua dohani kwa sababu ya utomvu wake. Kwenye baridi kali ya Alaska watu huchoma miti ya jamii hiyohiyo kila msimu. Msonobari mkavu ni salama kuliko mlingoti mbichi. Wapo wanaosema washa moto mkubwa mara moja uchome masizi yote. Huko ni kuanzisha kwa makusudi ajali tunayoikimbia. Chumvi motoni, na maganda ya viazi ambayo watu wa Ulaya waliyaamini kwa vizazi, haviondoi lami ukutani, na chumvi hula chuma. Dawa za unga za dukani zinaweza kulainisha lami ngumu, lakini baada yake brashi bado inahitajika.

Hatari kuliko maneno yote ni hili: "Mimi natumia mkaa, hauna moshi, dohani haina kazi." Ni kweli mkaa hauna moshi mwingi. Una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoingia kwenye damu na kuchukua nafasi ya oksijeni. Huanza na kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi, na mtu huweza kudhani ni malaria inamjia. Kila msimu wa baridi tunasoma habari za familia iliyolala na jiko la mkaa ndani na haikuamka. Kuweka jiko hilo ndani ya meko ya ukutani yenye dohani iliyoziba ni sawasawa na kuliweka katikati ya chumba. Moto wa gesi nao, ingawa hauachi lami, unahitaji njia iliyo wazi. Kiota cha ndege hakijali kama chini kunawaka kuni au gesi.

Kazi yenyewe inawezekana kufanywa nyumbani kwa bomba fupi la jiko: moto uwe umezimika tangu jana, mdomo na pua vizibwe, mikono ivikwe, brashi ya waya yenye mpini mrefu ipitishwe kutoka juu au bomba lifunguliwe na kukung'utwa nje. Dohani ndefu ya matofali mwachie fundi. Watoto wasihusishwe kabisa. Uingereza ya zamani ilipandisha wavulana wadogo ndani ya dohani kwa mikono na magoti. Mwaka 1775 daktari Percivall Pott alieleza saratani iliyowapata wasafisha dohani kutokana na masizi, lakini wavulana waliendelea kupandishwa miaka 100 zaidi, hadi sheria ya 1875, iliyopitishwa baada ya mvulana George Brewster kukwama na kufa. Masizi hayajabadilika tangu hapo. Usiyaingize kifuani.

Na dohani ikianza kunguruma? Watu watoke kwanza. Funga mlango wa stovu na matundu yote ya hewa kama unaweza kufanya hivyo upesi, piga simu Zimamoto, Tanzania ni 114, na usimwagie maji dohani yenye joto, kwa sababu itapasuka na mvuke utakurukia. Hata moto ukizimika wenyewe, usiwashe tena mpaka fundi aitazame kuanzia chini hadi juu.

Kwa jirani yangu yalitoka masizi ndoo moja na nusu. Wavu ukabadilishwa, ufa mmoja karibu na dari ukazibwa. Kuni za kipupwe kilichofuata alizipasua Oktoba ileile, akazipanga upande wa jua chini ya mabati mawili, na kwenye gogo la mbele akaandika tarehe kwa chaki.